Gari Lililokosa Pumzi Njia ya Sekenke

Wenzangu, tangu nirudi nimekuwa nasimulia vipande vipande. Mmoja nimempa habari ya kuku pale kisimani, mwingine nimempa habari ya mlima baada ya ibada, na sasa nasikia Mungaa nzima inasimulia safari ambayo mimi mwenyewe siijui. Miguu yangu bado imevimba, na mdomo umechoka kuliko miguu. Nimeamua kuandika mara moja yaishe. Mwandiko wangu ni wa darasa la ngumbaru, la watu wazima, mnaujua. Anayejua kusoma amsomee asiyejua, na asiongeze chake.

Rahabu, binti yangu wa mwisho, ameolewa Sekenke na Mnyiramba anayetengeneza pampu za wachimba dhahabu. Wajukuu ninao wengi, tena wazuri, hakuna asiyewajua. Lakini kwa Rahabu nilikuwa sina hata mmoja. Mara mbili alibeba mimba ikafika miezi yake. Wa kwanza alizaliwa hakulia. Wa pili hakulia. Safari hii daktari alisema asijifungulie kule chini, apandishwe mapema hospitali ya Kiomboi, juu ya mlima. Rahabu akajibu kwamba hapandi popote bila mama yake. Ukaidi huo ameutoa kwangu, siwezi kumlaumu. Ndipo mumewe akaja kunichukua na gari lake, Pijo la zamani lenye rangi ya maziwa yaliyochacha, tushuke Sekenke tukampandishe.

Mungaa mpaka Mwankoko

Kwetu mnajua mambo ya mkwe. Mama mkwe na mume wa binti hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawaitani majina, na neno lao lazima lipite kwa mtu wa katikati. Ndiyo maana humu namwita mkwe tu. Jina analo.

Alifika alasiri, mvua imetoka kunyesha. Hakusimamisha gari kuelekea mlango wangu. Aligeuza, akalirudisha kinyumenyume taratibu mpaka mkia ukagota kwenye tuta la samadi kando ya zizi, yeye akabaki ndani anatazama barabarani. Majirani walisifu. Na mimi nilisifu, nikasema huyu kijana amelelewa.

Mtu wetu wa katikati alikuwa Mama Zuhura, yule anayenunua kuku vijijini akawauze Iguguno kwa wasafiri. Aliomba nafasi na matenga yake mawili. Akakaa mbele na mkwe, mimi nyuma na kuku. Tukaondoka asubuhi yake, nimejifunika khanga mpaka kwenye nyusi.

Hatukufika mbali. Mteremko gari lilikwenda, tambarare lilijikongoja, na kila kinyanyuko, hata kile ambacho mbuzi hakihesabu, lilianza kukoroma na kuishiwa nguvu. Kabla ya Makiungu tulikuwa tumeshuka kusukuma mara sijui ngapi. Mimi na umri huu, matope mpaka magotini, nasukuma gari la mkwe na uso nimegeuza pembeni nisimtazame. Mama Zuhura alicheka mpaka akawa hasukumi tena.

Jua lilikuwa linazama tulipofika Mwankoko kwa mtoto wa kaka yangu. Nilikula ugali wa uwele na mlenda, mkwe akapelekewa chake kwenye gari, akalala humohumo.

Asubuhi nilimkuta amefungua boneti na ameshika kitu cha mviringo kama saa ya ukutani, ndogo, yenye mshale mmoja na mpira mrefu kama wa hospitali. Siku hizi za ruksa ya biashara soko la mjini limejaa vitu vya Ulaya ambavyo hata muuzaji hajui kazi yake, na hiki alikipata huko. Nikamwomba Mama Zuhura aniulizie ni nini.

Jibu lilirudi kwamba ni kipimo. Injini inavuta hewa kama mtu anavyovuta pumzi, na mpira ule ukichomekwa karibu na kabureta, mshale unaonyesha inavuta vipi. Mshale ukitulia kwenye kijani, injini nzima. Ukirukaruka, kuna valvu mbovu. Ukikaa chini, hewa inavuja mahali.

Akawasha. Mshale ukasimama kwenye kijani, haukutikisika.

Ndiyo ikawa mwanzo wa kupotea kwetu. Kipimo kinasema mzima na gari linasema mgonjwa. Mkwe alikaa pale mpaka jua likawa kali. Alifungua kabureta akaisafisha kwa petroli, akapiga mswaki plagi, akaenda mjini kwa miguu akarudi na platini mpya ya kuwashia. Kila akimaliza anawasha, na kila akiwasha mshale unasimama palepale. Nilikaa kwenye kigoda nikiwaza Rahabu, na khanga yangu ikanuka petroli.

Mwankoko mpaka Iguguno

Tulipoondoka gari lilikuwa lilelile. Malori yalitupita, kila lori linatuachia vumbi lake, na kuku kwenye matenga walikuwa wamefungua midomo kama mimi. Tukifika kwenye kinyanyuko mkwe anasimama, anaacha injini ipumzike, tunaanza tena. Nimewahi kutembea haraka kuliko hivyo na mtoto mgongoni.

Mahali fulani alisema neno kwa sauti ya chini. Mama Zuhura akageuka, uso mkavu kabisa, akaniambia mkwe anasema gari linashindwa kwa sababu mzigo wa nyuma ni mkubwa mno.

Nyuma nilikuwa mimi na kuku. Kuku wanajulikana uzito wao.

Nilifungua mlango, nikashuka, nikaanza kutembea. Gari likanifuata polepole. Nasikia mkwe analalamika, Mama Zuhura anacheka, mkwe anamsihi. Nilitembea mpaka goti likakataa. Niliporudi ndani Mama Zuhura alikuwa anafuta machozi. Kumbe kijana alisema tu kwamba anaona aibu kumchosha mama, na mengine aliyaongeza mwenyewe.

"Shoga yangu," akaniambia, "nimebeba maneno yenu tangu jana bila nauli. Acha na mimi nicheke kidogo."

Iguguno tulisimama kula. Mimi nilikaa kwenye benchi la mama ntilie na chai na viazi vitamu, mkwe akala nyuma ya gari amechutama. Alipomaliza akafungua tena boneti na kuning'iniza kile kipimo na mpira wake. Sikumaliza kikombe. Mzee mmoja alikuja, akamwangalia mkwe, akaangalia mpira, akakunja shati mpaka begani na kunyoosha mkono. Nyuma yake wakasimama akina mama wawili. Walidhani ni daktari wa kupima presha. Mkwe akaeleza kwamba ni kipimo cha gari. Mzee hakutaka kusikia, akasema kama gari linapimwa, yeye aliyelima miaka yote hiyo anakosa nini. Hakukunjua shati. Ilibidi Mama Zuhura amshike mkono, aubonyezebonyeze na kumwambia ana damu nzuri ila apunguze ugomvi. Akaenda ameridhika.

Hapo Mama Zuhura alishusha matenga yake. Akachomoa tetea mmoja mwekundu, akamfunga miguu, akaniwekea mapajani. Alisema ni wa supu ya mzazi.

"Akishajifungua salama umchinje," akasema. "Kabla ya hapo usimchinje."

Akatuacha. Tukabaki gari zima mimi na mkwe, hakuna mdomo wa katikati.

Iguguno mpaka Misigiri

Nilikaa nyuma na kuku wangu, na mbele kiti kitupu. Gari linakoroma, linasimama, linapumzika, linaendelea. Nilitaka kuuliza kama tutafika leo, nikakosa wa kumtuma. Mkwe naye alikohoa mara nyingi, na sikusikia kifua kibovu.

Mwisho nikasema, nikimtazama tetea, "Wewe kuku, sijui kama tutafika leo."

Mkwe, macho yake barabarani, akasema, "Kuku huyo aambiwe kwamba Misigiri tutafika. Zaidi ya hapo sijui."

Basi tukaendelea hivyo. Kila neno tulimwekea kuku.

Misigiri ni njia panda. Ukikata unakwenda Kiomboi hospitalini. Ukinyoosha unafika ukingo wa mlima na kushuka Sekenke. Mkwe alisimamisha gari pembeni, akazima, akaweka paji la uso kwenye usukani. Kisha akamwambia kuku kwamba hashuki.

Nikasema, "Kuku anauliza kwa nini."

"Kushuka hata gari lisilo na injini linashuka," akasema. "Kupanda ndiyo kazi. Nikishuka na gari hili sitapanda nalo. Nitamleta Rahabu mpaka katikati ya mlima, lizimike, uchungu umkute pale kwenye kona. Afadhali mama akatangulie hospitalini, mimi nitafute lori."

Malori yapo, sikatai. Lakini lori halimngoji mwenye mimba, na Rahabu namjua. Akimwona mumewe peke yake kwenye lori la mawe, hapandi. Nilimweleza kuku hayo yote. Na kuku nikamwongezea kwamba watoto wawili tumezika kimya, wa tatu simwachii barabara.

Nilimwona mkwe kwa nyuma anakisugua kile kipimo kwa kidole gumba. Halafu akasema, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwaga kitu, kwamba kipimo amekitumia gari likiwa limesimama tu, na injini ikiwa imelala haifichui yote. Ilitakiwa mpira upitishwe dirishani, gari liende tambarare, mguu wake usikandamize wala usilegeze, na mshale utazamwe bila kupepesa. Mguu ukitulia, mshale nao utulie. Yeye hawezi kutazama mshale na barabara yenye mashimo kwa pamoja.

"Kwa hiyo anatakiwa mtu," akasema.

"Kuku anajua kusoma?" nikauliza.

"Hajui."

Nilitazama nje. Misigiri ni mahali pa watu. Kulikuwa na wauza vitunguu wamejaa kivulini, wazee kwenye mabenchi, wanawake wa Kinyiramba ambao adabu hizi wanazijua kama mimi. Nilikaa nikawaza mama yangu angesemaje. Nikawaza pia yale makaburi mawili madogo kule Sekenke. Nikashuka, nikazunguka gari mbele ya watu wote, nikafungua mlango wa mbele, nikakaa kando ya mkwe.

Mwanamke mmoja wa vitunguu alisimama kabisa aone vizuri. Nikamwambia, "Tazama ushibe, mwenzangu."

Nilijifunika khanga upande mmoja, upande wa mkwe, kama pazia. Kipimo nikakishika mkononi juu ya mgongo wa kuku. Tukarudi njia ya Iguguno pale penye tambarare. Mkwe akamwambia kuku kwamba sasa mguu ameushika.

Nilitazama kile kimshale kama mtu anayechungulia tundu la sindano. Kilianza kwenye kijani. Nikasema, "Kuku, kimesimama." Tukaenda. Halafu nikaona kinaondoka. Hakikuruka wala hakikutetemeka. Kilikuwa kinateremka polepole, kama maji yanavyopungua kwenye mtungi wenye ufa.

"Kuku, kinashuka."

"Kinarukaruka au kinashuka tu?"

"Kinashuka tu. Bado kinashuka. Kimetoka kwenye kijani."

Akaachia mguu, gari likapungua mwendo, kimshale kikapanda. Akakanyaga tena akatuliza, kikashuka tena vilevile. Alisimamisha gari ghafla mpaka kuku akapiga kelele.

"Injini inavuta vizuri," akasema, na safari hii nadhani alimsahau kuku. "Haitoi. Inavuta, kutoa haiwezi. Ikilala moshi wake mdogo unapita, ikifanya kazi unajaa."

Akaruka nje, akakimbilia nyuma, akalala chini kifudifudi kwenye bomba la moshi. Nilimsikia anatafuta kwenye buti, akatoa nondo, akaanza kuchokonoa. Nikashuka na mimi. Bomba lile liliwahi kuungwa kwa kipande chembamba, na hapo kwenye maungio palikuwa pameziba, kimebaki kitundu kama cha kidole. Alichokonoa mpaka kitu kikatoka kikaanguka barabarani, kigumu kama tofali la kuchoma.

Nilikiokota. Kilikuwa udongo na samadi, vimeokwa na moshi wa moto, na ndani yake mabua ya uwele. Mabua ya zizi langu mimi. Siku ile aliyorudisha gari kinyumenyume asiutazame mlango wangu, mkia uliingia kwenye tuta la samadi mbichi, bomba likajishindilia. Adabu yote ile niliyoisifu ndiyo tuliyoisukuma kutoka Mungaa.

Mkwe alisimama, masizi usoni, anatazama viatu vyake. Mimi natazama tofali langu. Nikalitupa porini.

"Kuku anasema tuondoke," nikamwambia.

Akawasha. Gari lilipiga kelele nyingine kabisa, nene, kama dume la ng'ombe lililofunguliwa kamba. Nikarudi kukaa nyuma, maana kazi ya mbele ilikuwa imekwisha.

Kushuka Sekenke na kupanda

Kushuka sina la kusimulia, nilifumba macho. Nikifumbua naona kona, na chini ya kona mbuga inayokwenda mpaka mwisho wa dunia, nafumba tena.

Rahabu tulimkuta amekaa mkekani nje, ameegemea ukuta, jasho linamtoka. Hakusema shikamoo. Alisema, "Mmechelewa." Nilimshika tumbo. Uchungu ulikuwa umeanza tangu asubuhi, naye amekaa hapo anatungoja, hataki kuondoka na mtu mwingine. Ningemchapa, kama si hali yake. Hatukunywa hata maji. Tulimwingiza nyuma, nikampakata kichwa, tukageuza.

Mlima ule ukiupanda kwa gari unausikia kwenye mgongo wako. Mkwe aliweka gia ndogo, gari likashika kazi. Kona ya kwanza likapita. Kona ya pili likapita. Ya tatu kulikuwa na lori limezimika katikati ya njia, utingo wake anaweka mawe kwenye matairi. Tukasimama kwenye mwinuko wenyewe, mkwe amekanyaga breki kwa mguu wote, Rahabu ameuma khanga yangu. Utingo akatuelekeza tupite upande wa bonde. Nilitazama nafasi ile. Ilikuwa haitoshi baiskeli na mzigo wake.

"Kuku," nikasema, "mwambie apite."

"Kuku abane pumzi kidogo," mkwe akajibu, "anapita."

Rahabu akafumbua macho. "Mama, mnaongea na kuku?"

"Nyamaza, sukuma pumzi yako," nikamwambia. "Hayo utasimuliwa."

Gari likanguruma. Halikurudi nyuma hata kidogo. Mawe yalibingirika bondeni nikayasikia yanakwenda, nikamshika Rahabu kwa mikono yote miwili, na nilipoangalia tena lori lilikuwa nyuma yetu. Tulipofika juu mkwe hakusimama kupumzisha injini.

Kiomboi

Wauguzi walimchukua Rahabu mlangoni, mimi nikaambiwa nikae nje. Nilikaa kwenye benchi na kuku wangu. Mkwe alisimama mbali, kwenye ukuta wa pili, amenipa mgongo kama inavyotakiwa. Nilikuwa nimechoka uchovu ambao hata usingizi hauukaribii. Ndani kulikuwa na wanawake wengine wenye uchungu, nasikia kila mmoja na sauti yake, ya Rahabu naitambua. Halafu ya Rahabu ikakoma.

Kimya kile nakijua. Nimekaa nje ya milango miwili kabla ya huo.

Ndipo mtoto akalia. Alilia mara moja, akanyamaza, akalia tena. Sikuinuka. Wanawake mle walikuwa wengi.

Mkwe aligeuka, akavuka ua wote, akasimama mbele yangu. Akanitazama usoni. Kwa mara ya kwanza niliona macho yake, mekundu kwa vumbi, na kwamba ni kijana mdogo kuliko nilivyodhani.

"Mama," akasema, "huyo anayelia ni wetu?"

Hapakuwa na mtu wa katikati, na kuku nilimsahau. "Sijui, mwanangu," nikamjibu. "Kaa hapa tungoje."

Akakaa. Benchi moja. Tulingoja hivyo mpaka muuguzi alipotoka na kitu kimefungwa kwenye khanga niliyoileta mimi mwenyewe kutoka Mungaa, na ndani ya khanga ile kuna sura imekunjamana kwa hasira, mdomo wazi, inalia kama inamdai mtu. Msichana. Akasema mama yake mzima.

Mkwe akanyoosha mikono ampokee. Muuguzi akairudisha nyuma hatua moja ile khanga. Mikono ile ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko, grisi na masizi ya bomba.

"Baba huyu akanawe kwanza," akasema.

Palikuwa na ndoo, jagi na kipande cha sabuni karibu na mlango. Mkwe akaitazama ndoo, hakujua atajimiminiaje kwa mikono ile. Nikamweka kuku chini, nikainuka na magoti yangu yaliyovimba, nikachota. Mama mkwe kummiminia mkwe maji, kwetu halijaonekana, na wauguzi wa Kinyiramba walisimama mlangoni wakaliona. Akainama, akanyoosha mikono. Grisi haitoki upesi, nikachota tena, nikaendelea kumimina.